Wakaguzi, Shikeni na Kifuniko cha Tenki

KUTOKA MWAMBAO
Na Agatha Nombo

Katika barabara ya Mbamba Bay kwenda Lituhi, mtoto mdogo akipanda bodaboda hukalishwa mbele ya dereva, juu ya tenki. Mama yake hukaa nyuma na mzigo, pengine na abiria mwingine, maana mishikaki bado haijaisha huku kwetu. Kwa hiyo anayekalia petroli ni mtoto. Na si pikipiki moja wala mbili hapa Liuli ambazo kinachomtenga mtoto huyo na petroli ni kitambaa kilichosokotwa, au kipande cha nailoni kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kifuniko chenyewe kilishapotea.

Kila mwaka tuna Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Vyombo hukaguliwa na vilivyofaulu hubandikwa stika. Taa, breki, matairi na honi vinajulikana kuwa vya kuangaliwa, na hakuna dereva anayeshangaa kuulizwa habari zake. Ombi langu kwa wilaya yetu ya Nyasa ni kwamba kifuniko cha tenki kihesabiwe pamoja na hivyo: mkaguzi akifungue kwa mkono wake, atazame mpira wa kuzibia kama upo na haujapasuka, akifunge, akivute aone kama kimeshika.

Wapo watakaoona ninakuza jambo dogo. Lakini petroli si kama dizeli. Dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo mwambao wa Ziwa Nyasa hautaiona kamwe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai ukapotea. Unashuka. Kwenye pikipiki, chini ya tenki kuna injini, plagi na egzosi. Anayewasha sigara kijiweni akiwa ameegemea pikipiki yenye tenki wazi anaamini yuko mbali na mafuta kwa sababu hayaoni yakimwagika.

Kitambaa ndicho kibaya zaidi. Pikipiki ikiruka mashimo, mafuta hupiga juu na kukilowesha, na tangu hapo kinafanya kazi ya utambi wa kibatari: kinavuta petroli kutoka ndani na kuileta nje, saa zote, hata pikipiki ikiwa imeegeshwa ndani ya nyumba usiku. Na wengi wetu tunalala na pikipiki sebuleni kwa kuogopa wezi.

Nailoni nayo ina hadithi yake. Tenki lazima lipumue. Mafuta yakishuka kwenda kwenye kabureta, hewa inatakiwa kuingia kushika nafasi yake, na ndiyo sababu kifuniko cha kiwandani kina tundu dogo la kupitishia hewa. Ukifunga nailoni ikakaza sawasawa, baada ya mwendo fulani injini inakosa mafuta na kuzima. Dereva anashuka, anaitoboa kwa mwiba, safari inaendelea. Hapo amebaki na tenki lisilozibwa, lenye kitu cha kudanganyia macho. Masika yakianza maji yanaingia, na kwa kuwa ni mazito kuliko petroli yanatulia chini kabisa, palepale injini inapovutia mafuta. Pikipiki inakohoa katikati ya mlima, na abiria anayekimbizwa hospitali ya misheni kujifungua anateremshwa kwenye matope.

Kifuniko kinapoteaje? Chanzo kikubwa ni namna tunavyonunua mafuta. Mahali ambapo kituo kiko mbali, petroli inauzwa kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, zimepangwa mezani kando ya barabara. Dereva hajazi tenki. Ananunua chupa moja asubuhi, nyingine mchana, nyingine akipata abiria wa mbali. Kila mara kifuniko kinafunguliwa, kinawekwa kwenye siti au juu ya meza, abiria anaharakisha, chenji inahesabiwa, pikipiki inaondoka. Mwenye kujaza kituoni mara moja kwa siku ana nafasi chache za kukisahau kuliko mwenye kufungua mara tano. Tena kuna vifuniko vya ufunguo: kitasa kikifa kwa vumbi, fundi anakivunja ili mafuta yaingie, na tangu siku hiyo hakifungi tena. Kwenye toyo za mizigo, mara nyingi kifuniko ni cha kuzungusha tu na hakijaunganishwa na chochote. Hicho kikianguka njiani ndiyo basi.

Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, imelegeza masharti ya kujenga vituo vidogo vijijini, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, inatoa mikopo kwa wanaotaka kuvijenga. Ni hatua njema, nayo itapunguza chupa mezani. Lakini hatuwezi kungoja kituo kifike kila kijiji ndipo tufunike matenki.

Wenzetu walishalifikiria jambo hili kwa upande mwingine. Uingereza kuna watu wanaojiundia magari nyumbani, wananunua vipande na kuviunga wenyewe. Gari kama hilo haliingii barabarani mpaka lipite ukaguzi maalumu unaoitwa IVA, ulioanza mwaka 2009. Kati ya mambo wanayodaiwa waundaji hao ni kuonyesha kwamba gari halitatembea bila kifuniko cha mafuta. Njia zinazokubalika ni za kawaida sana: kifuniko kiwe na bawaba kisitoke kabisa, au kifungwe kwa mnyororo au kamba, au kitumie ufunguo uleule wa kuwashia gari, na ufunguo usichomoke mpaka kifuniko kiwe kimefungwa. Waliotunga sharti hilo walikubali kwamba binadamu husahau, wakataka chombo kiundwe kwa kulijua hilo.

Hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu nasi tunatumia vyombo vya kuungwa. Pikipiki na toyo nyingi huingia nchini zikiwa kwenye maboksi, vipande vipande kutoka India na China, kisha mafundi wa mijini wanazifunga magurudumu, usukani na tenki kabla ya kuuzwa. Mahali pa kuumaliza ugonjwa huu ni pale dukani. Fundi anayeunga chombo anaweza kukifungia kifuniko mnyororo mwembamba kwa muda mfupi kabisa, na mnunuzi akaondoka na chombo ambacho kifuniko chake hakibaki mezani kwa muuza mafuta. Shirika la Viwango, TBS, linaweza kuandika sharti hilo. Nami ningependa liandikwe kwa toyo kwanza, kwa kuwa hizo hubeba mizigo mizito na hupinduka.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Vijana wa bodaboda watasema kila kitu kinachoongezwa kwenye ukaguzi kinageuka kuwa faini nyingine, na faini kuwa mazungumzo ya pembeni. Wana sababu ya kuhofu. Ndiyo maana sitaki tuanze na faini. Asiye na kifuniko asipewe stika, apewe siku za kukitafuta, arudi akaguliwe upya bure. Wenye maduka ya spea Mbamba Bay na hapa Liuli waambiwe mapema walete vifuniko vya kutosha, vya aina zinazotumika huku, kabla wiki ya ukaguzi haijafika. Ni dhuluma kumdai mtu kitu ambacho mpaka akifuate Mbinga.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwamo vijana wa bodaboda. Taifa lilizungumza sana juu ya kuchota mafuta ya lori lililoanguka, na ilikuwa haki. Lakini mvuke ulioshika moto siku ile ni uleule unaotoka kwenye tenki lililozibwa kwa kitambaa, tofauti ni wingi wake. Moto wa tenki la pikipiki hauui mamia. Unaunguza mapaja na tumbo la dereva, na uso wa mtoto aliyekaa mbele.

Viongozi wa vijiwe hawahitaji kusubiri waraka wa mtu yeyote. Kipande cha waya wa shaba na dakika chache za fundi vinatosha kufunga kifuniko kisipotee, na kijiwe kinaweza kukubaliana kwamba pikipiki yenye kitambaa haiingii kwenye foleni ya abiria mpaka ipate kifuniko. Nasi abiria, hasa akina mama wenye watoto, tutazame tenki kabla ya kupatana nauli. Likiwa limezibwa kwa nailoni, tuchukue ya pili.