Watoto na Wajenge kwa Mabua

Waalimu wenzangu, wako kwetu watu wa elimu wapendao kusema ya kwamba mtoto ashikaye mabua ya mtama na miiba darasani anapoteza saa yake. Mzazi mmoja alinijia shuleni akasema, "Mwalimu, mwanangu sikumleta kwako acheze na mabua, hayo hata nyumbani ayapata." Nalimjibu kwa upole, maana mzazi hana hatia. Lakini baadaye mwalimu mwenzangu alisema maneno yale yale, tena mbele ya watoto. Huyo sina budi kumjibu waziwazi, kwa kuwa kosa lake ni kubwa, nalo laweza kuua watu.

Nasema kuua, wala sikuzidisha neno. Tarehe 29 Machi 2013, katika mji wa Dar es Salaam, jumba la orofa nyingi lililokuwa likijengwa lilianguka, likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jumba jingine lilianguka Kariakoo, katika mji uo huo, na watu wa biashara wamo ndani. Sisemi ya kwamba mabua yangaliwaokoa. Majengo huanguka kwa sababu nyingi: tamaa, haraka, saruji iliyopunjwa. Walakini nauliza: katika sisi tujengao, tununuao na tupangao, ni wangapi waliofundishwa mzigo hupita wapi utokapo juu ya paa hata ufike ardhini? Asiyejua hayo hawezi kumwuliza fundi swali, na fundi asiyeulizwa hufanya apendavyo.

Basi tazameni jinsi jambo hili lilivyo jepesi kufundishwa. Chukua karatasi moja, uilaze juu ya vitabu viwili vilivyoachana shibiri moja. Weka sarafu katikati, karatasi yainama. Kisha ikunje mikunjo myembamba kama bati la paa, uilaze tena pale pale. Sasa yabeba kikombe kitupu. Karatasi ni ile ile, uzito wake ni ule ule. Kilichobadilika ni umbo. Mtoto aliyeona hivi hahitaji kukaririshwa kwa nini bati lina migongo.

Chukua kipande cha mgomba, ukichanje kwa kisu juu na chini, ukiweke juu ya mawe mawili na kukibonyeza katikati. Chanjo za juu zajifunga, za chini zaachama. Hapo mtoto amejua ya kuwa boriti hugandamizwa juu na kuvutwa chini. Mwambie sasa ya kwamba zege lastahimili kugandamizwa lakini ni dhaifu likivutwa. Yeye mwenyewe atakuambia nondo za boriti zikae upande wa chini, wala hutahitaji kumpiga fimbo ili akumbuke.

Tena waunganishe mabua manne kwa miiba, yawe mraba. Yasukume kidogo, nayo yalala upande. Unganisha matatu, yawe pembetatu. Sukuma uwezavyo, hayageuki mpaka bua livunjike. Kisha simamisha mabua mawili juu ya meza laini, yaegemeane kama makombamoyo, ubonyeze kileleni. Miguu yateleza nje. Ifunge miguu hiyo kwa uzi, nayo yasimama imara. Uzi huo ndio boriti ifungayo miguu ya paa, ili kuta zisisukumwe nje.

Wako wasemao, "Sisi hatuna vyombo, tuletewe kwanza visanduku vya kujengea kutoka ng'ambo." Hao wajue ya kuwa Friedrich Froebel, Mjerumani, mtoto wa mchungaji, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto vijiti na njegere zilizolowekwa majini, wakaunganisha vijiti kwa njegere hizo, wakajenga. Sisi tunazo chelewa za ufagio, tunazo dengu, tunao udongo wa mfinyanzi. Mwenye kungoja kisanduku hakukosa chombo, amekosa nia.

Wako pia wasemao, "Hiyo ni kazi ya fundi, sisi twawafundisha watoto elimu ya kitabu." Neno hili lanichoma kuliko yote. Je, waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa, wenye makuba na matao ya mawe, hawakuwa watu wa elimu? Na mzee wa Lamu aliyejua ya kwamba boriti ya mkoko haiwezi kuvuka chumba kipana, akafanya vyumba vyake virefu na vyembamba, upana usiozidi kama mita 3, je, huyo hakujua hesabu? Naam, alijua hesabu, ila aliiandika kwa mawe. Boriti ikiongezwa urefu mara mbili hubeba nusu tu ya mzigo uliowekwa katikati. Ikiongezwa kimo mara mbili hubeba mara nne. Hii ni hesabu ya kitabu hasa, lakini mtoto huishika upesi zaidi akiwa na rula mkononi, ailaze kisha aisimamishe kwa ukingo wake, aone tofauti.

Nakubali neno moja la wapinzani wangu. Saa ni chache, na mtihani hauulizi habari za mabua. Tena wako waalimu wafanyao kazi hii vibaya kabisa: siku ya wazazi mwalimu hujenga daraja yeye mwenyewe, watoto wakasimama kando wakipiga makofi. Hayo ni maonyesho, wala si mafundisho. Mtoto na ajenge mwenyewe, ahesabu mawe anayoyaweka, aandike lilianguka kwa jiwe la ngapi, na kabla ya kuweka jiwe la kwanza aseme ni wapi patakapovunjika. Likianguka, usimcheke wala usimjengee. Kuanguka kwa daraja la mabua hakuna gharama. Afadhali aanguke nalo leo mezani kuliko kesho mtoni.

Niwaambie jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Palikuwa na darasa moja, wala sitataja mahali, ambalo ukuta wake ulifanya ufa. Killa mwaka ufa ulipakwa chokaa, na killa mwaka ulirudi. Watu wazima tulipita chini yake, nami nikiwa mmoja wao. Siku moja baada ya somo la mabua, mtoto wa miaka kumi na mmoja aliinua macho akatazama paa, akasema, "Mwalimu, hapa hapana uzi." Nikatazama, nami nikaona haya. Makombamoyo hayakufungwa chini; yalikuwa yakiusukuma ukuta miaka ile yote. Tulihamisha watoto siku ile ile, wazee wakaleta boriti, paa likafungwa. Mimi niliyekuwa na cheti sikuliona. Aliliona yule ambaye mzazi wake alisema anacheza.

Tangu utoto tumehubiriwa habari za mtu aliyejenga juu ya mwamba na yule aliyejenga juu ya mchanga. Mfano ule hawaufahamu vema wasiopata kujenga kitu kikaanguka. Wahenga wetu nao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini chokaa haizibi ufa. Auzibaye ni mtu ajuaye umetoka wapi. Basi, mwalimu mwenzangu, kesho ukienda darasani wachukulie mabua machache na miiba, uwaache wajenge.