Panya Hana Ushahidi Hapa

Makala ya toleo lililopita inadai kwamba PVL, sumu ya bakteria stafilokokasi, imetiwa chumvi: panya wa maabara huugua vilevile, bakteria wawe na sumu hiyo au wasiwe nayo. Basi, anahitimisha mwandishi, seli zetu nyeupe hazina cha kuogopa. Haraka ya nini?

PVL ni protini mbili, LukS na LukF. LukS hutangulia na kunasa kipokezi C5aR kwenye utando wa neutrofili (aina ya seli nyeupe), kipokezi kilekile ambacho seli hiyo hukitumia kunusa hatari na kukimbilia penye maambukizi. LukF hufuata. Vipande vinane hujipanga duara, vinne vya huku na vinne vya kule, na tundu limeshatoboka. Seli hufa, na vimeng'enya ilivyoviweka kwa ajili ya adui huimwagikia tishu ya mwenyewe.

Sasa, C5aR ya panya haishikwi na LukS. Hilo lilionyeshwa mwaka 2013. Ufunguo hauingii kwenye kitasa, halafu tunaambiwa mwizi hayupo! Neutrofili za binadamu, na za sungura pia, hufa kwa kiwango kidogo tu cha sumu hiyohiyo.

Kwamba mchango wake kwenye majipu ya kawaida bado unabishaniwa, nakubali. Lakini ipo nimonia ya PVL inayoozesha mapafu ya vijana waliokuwa wazima kabisa, na damu yao mara nyingi hukutwa na upungufu wa seli nyeupe. Mwandishi hakuwagusia hata kwa sentensi moja.