MUUGUZI AKIRUDI CHUONI ASIPOTEZE HAKI YAKE

Yapo maneno yanayosemwa hapa Tunduma, na hata ndani ya maofisi, kwamba muuguzi aombaye ruhusa ya kurudi chuoni ni mtu aliyechoka kazi, anatafuta cheo na posho. Sisi twayakataa maneno hayo.

Tangu mwaka 2017 Serikali ilijenga na kukarabati vituo vya afya zaidi ya 300 nchini, ili mama aliyekwama katika uzazi apate kupasuliwa karibu na kwao. Ni jambo jema kabisa. Lakini jengo halipasui mtu. Hata daktari akiwapo na visu vikiwapo, pasipo mtu wa kumtia mgonjwa usingizi, chumba cha upasuaji hubaki kimefungwa. Hapo mama wa Kamsamba hupakiwa garini usiku kwenda Vwawa au Mbeya, akipishana na malori ya Zambia.

Nchini mwetu kazi hiyo ya usingizi hufanywa zaidi na wauguzi kuliko madaktari bingwa. Na muuguzi wa usingizi hazaliwi. Ni muuguzi au mkunga aliyerudi darasani, pengine KCMC Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, akaacha watoto nyumbani, akajifunza kuchoma sindano ya ganzi mgongoni, kupima dawa kwa uzito wa mtu na kulinda pumzi ya mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho. Je, huyo ndiye mvivu?

Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba mwaka 1961 tulipata Uhuru tukiwa na madaktari wetu 12 tu. Hatukuketi kungoja. Matabibu waliokwisha kutumika walirudishwa chuoni miaka miwili, wakawa madaktari wasaidizi, na kwa miaka mingi akina mama wa vijijini walipasuliwa kwa mikono ya hao.

Wako wasemao: mkunga akienda, wodini abaki nani? Swali hili ni la haki. Mahali penye wauguzi wachache, mmoja akiondoka zamu zake za usiku huwaangukia wenziwe. Sisi tuliosomea ualimu tumeliona hili: mwalimu wa shule ya msingi akipata stashahada, mara nyingi hatumwoni tena kijijini. Basi na aletwe mtu wa kushika nafasi kabla mkunga hajaondoka, na huyo aendaye aandikiane mkataba na Halmashauri wa kurudi na kutumika miaka kadhaa. Hapana anayeonewa hapo.

Linalotuudhi hasa ni mambo yanayomkuta akirudi. Tumesikia kwa wauguzi wenyewe. Mtu amejilipia karo kwa mkopo, anarudi na cheti mkononi, anapangwa wodi ile ile kwa mshahara ule ule, eti katika ikama hapana nafasi ya kazi aliyojifunza. Mwaka unapita, hospitali ya mjini inamwita, anakwenda. Halafu twamwita msaliti!

Na akitaka baadaye kugeukia wagonjwa mahututi au afya ya akili, masomo ambayo Muhimbili huyatoa kwa shahada ya uzamili, ataulizwa kwanza shahada ya kwanza. Mtu mwenye miaka kumi na mitano ya kukesha na wagonjwa! Hatusemi masomo yarahisishwe, maana dawa ya usingizi haina mzaha. Twasema yale anayoyajua tayari yapimwe kwa mtihani, asifundishwe upya. Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo limepewa kazi yake na sheria ya 2010, lingefaa kulitazama jambo hili.

Halmashauri zetu tano, Tunduma, Momba, Mbozi, Ileje na Songwe, hupitisha bajeti kila mwaka. Twataka ndani yake mwandikwe karo ya wauguzi waendao chuoni na nafasi watakazorudia. Diwani akija mtaani kwenu na habari ya jengo jipya la upasuaji, mwulizeni ni nani atakayewatia wagonjwa usingizi humo, na kama amekwisha kupelekwa chuoni.