Mashine na Ibaki Katika Ngeli ya I-ZI

Wahenga walinena kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Siku hizi yako makampuni ya ng'ambo yauzayo urafiki kwa malipo ya kila mwezi. Replika, programu ya simu ihusikayo na biashara hiyo, hutangazwa kuwa mwandani "anayejali". Bidhaa ya aina hii haihitaji barabara ili ifike Mutomo au Kibwezi, intaneti yatosha.

Nikiwa mwanaisimu, kinachonitia wasiwasi ni kiambishi. Wanafunzi wangu husema programu "ameniambia" badala ya "imeniambia". Je, hilo ni kosa dogo la upatanisho wa kisarufi? La hasha! Ngeli ya A-WA humpa mtajwa uhai, na mwenye uhai huaminiwa siri. Ilhali programu hutamka "nakupenda" pasipo na "mimi" yeyote nyuma ya neno hilo. Hukadiria tu neno lipi lifuate lipi.

Udhaifu huu wetu si mgeni. Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, aliitangaza programu sahili ya mazungumzo, ELIZA, mwaka 1966. Karani wake, aliyejua fika kuwa ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Leo madhara ni makubwa zaidi. Februari 2024, mvulana wa miaka 14 huko Florida alijiua baada ya miezi mingi ya mazungumzo na mhusika wa Character.AI. Mamaye aliishtaki kampuni hiyo, nayo mnamo Novemba 2025 ikawafungia vijana wa chini ya miaka 18 mazungumzo huria.

Wapo wasemao kuwa mpweke heri apate wa kumjibu kuliko kukosa kabisa. Upweke ni kweli: wazazi wengi wa Kitui na Makueni wamo Nairobi na Mombasa kutafuta riziki. Lakini katika thome, ule uwanja wa nje ya boma walikoketi wazee wa Kikamba, kijana alisikilizwa na pia alikemewa. Programu iliyoundwa ili mteja asiondoke haina sababu ya kumkemea.

Walimu wenzangu, tusahihishe kiambishi hicho darasani, kisha tumwulize mwanafunzi anazungumza na nani usiku. Akiwa na dhiki, tumsikilize sisi wenyewe, au tumwelekeze kwa simu ya bure ya watoto, 116, ambako atapokewa na binadamu.