Wacheni kuita RRR muvi ya Bollywood

Wasee, najua kuna mtu ataniambia natafuta kiki. Poa tu.

Septemba 2025 S. S. Rajamouli alikuwa hapa Kenya akirekodi filamu yake mpya, ile baadaye ilipewa jina Varanasi. Musalia Mudavadi akakutana naye, picha zikapostiwa, simu yangu ikajaa Maasai Mara. Nikafungua komenti na karibu kila mtu alikuwa anamuita "director wa Bollywood". Hapo nikakwama.

Bollywood ni Mumbai, na lugha yake ni Kihindi. Rajamouli ni wa Hyderabad, huko kusini, na muvi zake ni za Kitelugu, lugha ya watu zaidi ya milioni 80. Wengi wetu RRR tuliiona Netflix, na Netflix walituwekea ile ya sauti za Kihindi. Yaani tulimpenda jamaa bila kusikia lugha yake. Hata mimi nilijua baadaye sana. Yeye mwenyewe, akiwa Marekani mapema 2023, ilibidi aambie watu waziwazi kwamba hii si Bollywood, ni filamu ya Kitelugu.

Mbona nasumbuka na kitu kidogo hivi? Kwa sababu jamaa alianza na tamthilia za TV za Kitelugu chini ya K. Raghavendra Rao, akatoa muvi yake ya kwanza, Student No. 1, mwaka wa 2001, na hakuwahi kuhama lugha ndio apate jina. Mumbai ndio walimfuata. Vikramarkudu yake ya 2006 waliichukua wakaitengeneza upya na Akshay Kumar, wakaiita Rowdy Rathore.

Halafu kuna Eega, 2012. Kama hujaiona, manze, itafute leo. Kijana anapenda msichana, tajiri mmoja anamuua, anazaliwa tena akiwa nzi. Nzi, buda! Na huyo nzi analipiza kisasi: anamnyima tajiri usingizi, anamvuruga akiendesha gari, anafanya mazoezi ya kupigana. Wazo lilitoka kwa baba yake, Vijayendra Prasad, ambaye ni mwandishi wa filamu, kama mzaha tu wa nyumbani miaka ya tisini. Fikiria ukipeleka hiyo script kwa ofisi yoyote Nairobi. Eega ilishinda tuzo ya taifa India, na miaka mitatu baadaye Baahubali ikafika. Ya pili, 2017, ndiyo filamu ya kwanza ya India kupita rupia bilioni 10.

Sasa tusidanganyane, hakuanza kutoka chini kabisa. Baba anaandika, binamu yake Keeravani anatunga muziki, mke wake Rama anashughulikia mavazi. Na Watelugu wenyewe wanajaza sinema kuona muvi za lugha yao. Sisi tunajaza kuona Marvel, halafu tunauliza mbona za kwetu hazina pesa. Hiyo ni juu yetu, mimi nikiwemo.

Lakini kuna beshte yangu aliandika script kuhusu makanga wa Rongai, yote kwa Sheng. Akaipeleka kwa kampuni fulani, wakampenda, wakamwambia abadilishe iwe Kiingereza ndio iuze nje. Akabadilisha. Nikasoma. Makanga anatukanana na abiria kama mwalimu wa darasa la sita! Utani wote ulikuwa umekufa. Na hii ni nchi iliyotoa Nairobi Half Life mwaka wa 2012, watu wakiongea Kiswahili, Kikuyu na Sheng, na ndiyo tulipeleka Oscar kama filamu yetu ya kwanza kabisa.

Nikamtumia ile video ya Machi 2023, Naatu Naatu ikiimbwa kwa jukwaa la Oscar, kwa Kitelugu, wazungu wamesimama wakipiga makofi. Ule usiku wimbo ulishinda, na sidhani kuna mtu kumi mle ukumbini walielewa maneno. Nikamuuliza, ni nani alimwambia Chandrabose aandike kwa Kiingereza?

Hakujibu siku mbili. Juzi akanitumia kurasa kumi za kwanza, na makanga anaongea kama makanga tena. Ile kampuni bado hajaipigia.