Rangi 15 za Word: nani alituchagulia?

Fungua Word kwenye kompyuta, bonyeza ile kalamu ya kuhailaiti, halafu hesabu rangi. Ni 15. Ukitaka ya 16, hakuna. Na ndani ya hizo 15 kuna bluu iliyokolea, zambarau, na (shikilia hapo) nyeusi. Maandishi ni meusi, unayapaka nyeusi. Ili iweje sasa?

Najua kuna msee ameshaanza kutaipu "hiyo ndio shida yako?" Eeh, ndio. Tangu nitoke kampasi kazi yangu ni kuandika skripti za video, na hailaiti ndio lugha yetu humo ndani: hapa sauti, hapa picha, hapa kata. Mwenzangu macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Ukimwambia "soma penye kijani" umemwambia nini? Na hayuko peke yake. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini ni karibu 1 kati ya 12. Kwetu Afrika ni wachache kidogo, lakini wapo.

Halafu kuna jua. Wa Wundanyi na ukungu wenu mtasema naongeza chumvi, ila wa Voi mnanielewa: saa saba mchana, laptopu iko nje, mwangaza umeweka hadi mwisho, na ile manjano juu ya nyeupe haionekani kabisa. Usiku stima ikipotea, manjano hiyo hiyo inakuchoma macho. Mtu mmoja, siku moja, anahitaji rangi mbili tofauti.

Sababu ya kiufundi ipo, nisiwadanganye. Faili ya docx huhifadhi rangi ya hailaiti kwa jina, "yellow" au "green", si kwa namba. Lakini faili hiyo hiyo, ukipitia sehemu ya Shading, inakubali rangi yoyote kwa namba. Kumbe uwezo upo, umefichwa tu huko ndani. Na hata ukiufikia, ukitafuta sehemu ulizohailaiti, Word haizihesabu hizo.

Google Docs unaweka namba ya rangi yako mwenyewe. Sisi tumeweka bluu ya mbingu kwa sauti na chungwa kwa picha, na mwenzangu anasoma bila kuuliza mtu. LibreOffice pia inakubali, na ni ya bure. Wale wa koding ndio walishapona kitambo: kwenye VS Code ni mstari mmoja tu wa setingi, editor.selectionBackground, unachagua kati ya rangi zaidi ya milioni 16.

Hapo ndipo naudhika. Waliotengeneza programu walijipa wao milioni 16, halafu mwanafunzi anayehailaiti notsi na dada wa saiba anayetaipu CV za watu wakapewa kreyoni 15. Eti chaguo nyingi zitatuchanganya. Sawa, hizo 15 ziacheni pale pale juu. Wekeni kitufe kimoja chini yake, kiandikwe "rangi nyingine".