Dhamana ya Rangi ya Gari Isiwe Maneno Matupu

Mtumishi wa umma au mwalimu anaponunua gari jipya huwa ametoa akiba ya miaka mingi, na aghalabu huwa bado anakatwa mshahara kulipia mkopo. Gari hilo likianza kubanduka rangi kabla ya deni kwisha, hasara yake si ya sura peke yake. Bati lililoachwa wazi hushikwa na kutu, na thamani ya gari huporomoka. Hata hivyo, mwenye gari anapokwenda kwa wakala kudai haki yake, hujibiwa kwamba muda wa dhamana umekwisha, au kwamba jua na kinyesi cha ndege ndivyo vilivyoharibu rangi.

Majibu hayo huweza kuwa ya kweli. Rangi iliyopigwa na kokoto au iliyokwaruzwa si kosa la kiwanda. Lakini rangi inayobanduka vipande vikubwa juu ya boneti na paa, mahali panapopigwa zaidi na jua, pasipo alama ya kugongwa wala kupakwa upya, huashiria kwamba matabaka yake hayakushikamana ipasavyo tangu kiwandani.

Jambo hili lina ushahidi. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya magari ya Marekani yalipakwa rangi moja kwa moja juu ya utando wa kuzuia kutu, bila ya rangi ya kati inayoukinga utando huo. Mwanga wa jua ulipenya, ukaudhoofisha utando, na rangi ikabanduka. Wenye magari ya Ford walikwenda mahakamani, lakini mwaka 1998 mahakama ya shirikisho mjini New Orleans ilikataa madai yao yasikilizwe kwa pamoja, kwa kuwa chanzo cha uharibifu kilihitaji kuthibitishwa kwa kila gari. Kinyume chake, mwaka 2019 Toyota ilianza kugharimia upakaji upya wa baadhi ya magari yake meupe huko Marekani, hata yale ambayo muda wake wa kawaida wa dhamana ulikuwa umepita.

Funzo ni dhahiri. Kasoro iliyozaliwa kiwandani haiwi halali kwa sababu imechelewa kuonekana. Dhamana ni ahadi, na ahadi ni deni. Kiwanda kinachojificha nyuma ya kalenda huku kikijua kasoro ya bidhaa yake kinamtwisha mnunuzi mzigo usio wake.

Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji, vinavyosimamiwa na Tume ya Ushindani. Lakini sheria haimsaidii asiyekuwa na ushahidi. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kusoma dhamana kabla ya kutia saini, na kutambua kwamba muda wa rangi na muda wa kutu inayotoboa bati mara nyingi hutofautiana. Aidha, anayeagiza gari lililokwisha kutumika kutoka Japani aelewe kwamba mara nyingi dhamana ya kiwanda imekwisha. Ukaguzi wa rangi kabla ya kulipa ndio kinga yake.

Dalili zikijitokeza, malalamiko yapelekwe mara moja kwa maandishi, yakiambatana na picha zenye tarehe na kumbukumbu za matengenezo. Gari lisipakwe upya kabla ya kukaguliwa. Wakala akikataa, atakiwe kueleza sababu zake kwa barua. Maofisa ugavi wanaonunua magari ya Serikali nao wafanye vivyo hivyo, maana gari la umma linalooza kabla ya wakati wake limegharimiwa na kodi ya mkulima na mfanyakazi.

Watumishi wa umma na walimu wanajua vyema thamani ya jalada lililotunzwa. Ujuzi huo wautumie kudai haki yao. Mawakala nao ni wajibu wao kupima kasoro kwa chanzo chake, wala si kwa tarehe tu.